Mashine ya betri ya kuchanga karata: kitufe kimoja hakitoshi

Ninayoizungumzia ni ile ndogo, trei mbili juu na droo katikati. Unagawa seti ya karata 52 mafungu mawili, unaweka moja kila upande, unabonyeza, na roli za mpira zinavuta karata kutoka chini ya kila fungu na kuziangusha kwenye droo. Inapiga kelele kama blenda, lakini kwa sekunde chache imemaliza.

Kinachoniudhi ni maelezo ya kwenye boksi, yanayomfanya mtu aamini kwamba akibonyeza mara moja amechanga. Hajachanga. Mpito mmoja wa mashine hii hauzidi kupachanisha mafungu mawili mara moja kwa vidole gumba, na hesabu ya kupachanisha ilishatolewa na wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis mwaka 1992. Walipima umbali wa seti yako na seti iliyovurugika kabisa: 1 ni mbichi, 0 imeiva. Mara nne za mwanzo kipimo hakibanduki kwenye 1.000. Mara ya tano 0.924, ya sita 0.614, ya saba 0.334, na kuanzia hapo kila mara kinapungua kwa karibu nusu. Ndiko ulikotoka ule ushauri wa mara saba. Kama kuna pesa mezani, mimi nafika 10 (0.043).

Usinisadiki tu, pima mwenyewe. Zipange karata na uzipe namba kwa mpangilio, shupaza ree hadi mfalme ni 1 hadi 13, halafu kopa, uru na pau hadi 52. Pitisha mara moja, zitandaze kwa mstari, tafuta 1, kisha 2 kulia kwake, kisha 3. Namba inayofuata ikiwa kushoto, umeingia msururu mpya. Mpito mmoja hautakupa zaidi ya misururu 2; mipito miwili, misururu 4; mitatu, 8; minne, 16. Seti iliyochangika sawasawa huwa na 26.5 kwa wastani, kwa hiyo baada ya mipito minne bado uko mbali, hata mashine ikiwa haina kasoro yoyote. (Wakati wa jaribio usikate karata kati ya mpito na mpito, utaharibu hesabu.)

Na kasoro zipo. Roli huvuta karata mbili, tatu, wakati mwingine tano kwa mkupuo, hasa zile mpya za plastiki zinazogandana. Zipepete kwanza kwa kidole. Karata yenye pembe iliyokunjika itakwama, na ukiilazimisha itachanika. Zima, inua fungu, itoe kwa mkono.

Kubwa zaidi ni roli za upande mmoja kuvuta polepole zikishika vumbi. Upande wa pili unaisha mapema, kisha kilichobaki kinaangukia juu kama bonge zima. Ukiwa na mazoea ya kuweka nusu ya juu upande huohuo mzito, ree aliyekuwa juu atabaki juu mpito baada ya mpito. Futa roli kwa kitambaa chenye unyevu, badilisha pande kila mpito, na kata seti kabla ya kuigawa upya.

Wanaolalamika kwamba haipishanishi karata moja moja kutoka kila upande wanalalamikia uzuri wake. Ukipishanisha 26 kwa 26 bila kosa, ya juu ikibaki juu, baada ya mara 8 seti inarudi kama ilivyokuwa! Basi usihangaike kuhesabu 26. Kugawa 23 kwa 29 kwa macho kunatosha.

Hata mashine za kasino hazijasalimika. Diaconis na wenzake walichunguza moja inayosambaza karata kwenye rafu 10 za ndani: anayejua jinsi ya kubahatisha, akionyeshwa kila karata baada ya kuitaja, hupata wastani wa karata 9.5 kati ya 52, badala ya takriban 4.5 za seti iliyochangika vizuri.

Ninaipa nyota tatu. Kama unaweza kupachanisha kwa mikono, huihitaji. Kama huwa unadondoshea vifungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, inunue, maana kwa mtindo huo ungehitaji maelfu ya mara kufikia kinachopatikana hapa kwa mipito saba. Weka betri za akiba.