Visa nimepata, lakini kile kituo nakipa nyota moja

Nianze na zuri lao nisije nikaonekana mtu wa chuki: choo ni safi. Basi. Sasa twende dirisha namba tatu.

Nilikuwa naomba visa ya Schengen, ya kuingia nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ile ya siku zisizozidi 90, nikasome kozi ya wiki sita. Nchi siitaji, na kituo chenyewe cha kupokea maombi ya visa hapo Kampala sikitaji pia, kwa sababu ipo siku nitarudi kuomba tena. Habari za fomu, picha ya milimita 35 kwa 45, bima ya euro 30,000 na mengine ya aina hiyo yako kwenye tovuti, kasomeni huko. Mimi naandika juu ya dakika kama kumi tu ambazo nikizikumbuka usiku, usingizi unahama.

Mdhamini wangu ni baba. Mwanajeshi mstaafu, ana pensheni yake, ana akiba kwenye SACCO, na ana risiti za kila alichowahi kununua, kwani Mzee hatupi karatasi. Tulipanda basi la usiku kutoka Gulu, tukashuka Kampala adhana ya alfajiri ikitoka pale msikiti wa Old Kampala, tukanywa chai na rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, tukakodi boda mbili. Asiyeomba visa haruhusiwi kuingia, kwa hiyo Mzee akabaki nje kando ya barabara, amevaa lile koti lake la harusi na mazishi.

Binti wa dirisha namba tatu alipekua faili langu vizuri tu, mpaka alipofika kwenye barua ya mdhamini.

"Huyu Okot ni nani?"

"Baba yangu."

"Na wewe ni Akello."

"Ndiyo."

"Mbona hamna jina moja?"

Nilidhani ananitania. Jamani, kwetu Acholi, Akello ni msichana aliyefuata mapacha. Kaka zangu Opio na Ocen walitangulia, nikaja mimi. Ningeitwa nani tena? Okot ni mtu aliyezaliwa mvua ikinyesha. Nipewe mimi jina la mvua ambayo haikuninyeshea? Wala si Waacholi peke yao. Ingia nyumba ngapi za Uganda hii ukute watoto saba na majina saba, baba akiwa mmoja, tena wamefanana naye mpaka masikio. Mzungu angeniuliza swali hilo ningemweleza taratibu, hata ningelifurahia. Lakini huyu ni wa hapa hapa, dakika tano nyuma amenisalimia "nyabo", yaani bibie kwa Kiganda.

"Fomu inataka jina la familia," akasema. "Ubalozi watauliza. Utathibitishaje ni baba yako?"

Nikamwambia cheti changu cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya usajili ya Uganda, kimo humo humo, kina jina la baba na la mama. Hakukitafuta. Aliweka kiganja juu ya faili kama anayezuia karatasi zisipeperushwe na upepo, akasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma: "Siku hizi kila msichana ana 'baba' wa kumlipia safari."

Watu walicheka. Si wote, ni wawili. Ningewajua tena hata gizani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na nataka mnielewe. Kile kituo hakitoi visa. Kinapokea karatasi, kinachukua alama za vidole, kinapeleka ubalozini. Anayeamua ni afisa wa ubalozi. Kwa kazi hiyo ya kupokea na kupeleka wanatoza ada yao juu ya zile euro 90 za visa, ambazo peke yake ni zaidi ya laki tatu na nusu za kwetu, na hazirudi hata ukinyimwa. Yaani nilikuwa nimemlipa yule binti anitukane. Akanipa mpaka saa sita nilete hati ya kiapo, la sivyo nikachukue miadi upya. Mwenzangu mmoja aliniambia baadaye kwamba ningeweza kugoma, wakapokea faili lilivyo na kunisainisha tu kuwa nimeonywa. Mimi sikulijua hilo. Nilitoka mbio.

Nje nilimkuta Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mlinzi wa getini alimwona alivyosimama, akajua, akamwita afande, akamwachia kiti chake yeye mwenyewe. Walikuwa wanapiga soga kwa Kiswahili cha kambini, wanacheka. Kumwambia Mzee kwamba anatakiwa akaape kuwa mimi ni mwanawe lilikuwa jambo zito kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Yale ya "kila msichana ana baba" sikumwambia. Hajui mpaka leo, na hasomi mtandaoni.

Tulimpata wakili, kamishna wa viapo, juu ya duka la vitambaa. Karani wake akachapa. Mzee aliisoma ile hati mstari kwa mstari, akavua miwani.

"Nimeapa mara mbili maishani," akasema. "Siku ya kuingia jeshini na siku ya kumwoa mama yako. Hii ya tatu ni ya nini?"

Wakili alicheka. Mzee hakucheka. Alitia saini, akalipa yeye, akataka risiti.

Nikarudi dirisha namba tatu saa sita kasorobo. Yule binti akaipokea ile hati kwa vidole viwili, akaichomeka nyuma ya faili bila kuisoma. Na hapo, wakati ananielekeza kwenye chumba cha alama za vidole, ndipo nikaiona beji yake. Sitaliandika jina. Ila ni lile ambalo Waganda humpa mtoto anayefuata mapacha. Jina langu mimi, kwa Kiganda! Baba yake naye ni Ssalongo, baba wa mapacha, kama wangu. Nilifungua mdomo. Kisha nikaiona pasipoti yangu iko mkononi mwake, nikaufunga. Vidole kumi wakavichukua, wanasema nikiomba tena ndani ya miezi 59 wanaweza kutumia alama hizo hizo.

Visa ilitoka hata zile siku 15 za kanuni hazijaisha. Siku hiyo, nakiri, niliwapa nyota nne moyoni. Ujumbe ulikuja kwa wakati, bahasha ilifungwa vizuri, kijana wa kaunta ya kuchukulia pasipoti alikuwa na adabu zake. Nikaanza kujiambia labda yule dada alikuwa na siku mbaya, labda aliniokoa na maswali ya ubalozini. Nikampigia Mzee. Akafurahi, akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ile karatasi yangu, wameirudisha?"

Nikafungua bahasha. Kila karatasi iliyopita ubalozini ilikuwa na namba ya penseli kwenye kona, moja mpaka thelathini na nne. Barua ya mdhamini, namba nane. Cheti cha kuzaliwa, namba tisa. Hati ya kiapo ya Mzee haikuwa na namba yoyote. Pini ilikuwa vile vile alivyoibana karani wa wakili.

Kama jina lako na la mdhamini hayafanani, weka cheti cha kuzaliwa mara tu baada ya barua yake, kibandike hata karatasi ya rangi. Na nenda asubuhi.

Nyota nawapa mbili. Hapana, moja. Ile nyingine ni ya mlinzi wa getini.