TAHADHARI: Redio inasikia, lakini haisemi

Wenzangu wa redio ya ridhaa, yaani sisi tunaowasiliana kwa redio kama burudani, hasa nyinyi mnaotafuta seti ya mtumba ya masafa mafupi, someni hapa kabla hamjatuma pesa. Kuna jamaa anauza Icom IC-718, redio ya kupokea na kurusha, mtandaoni, anasema yuko Nairobi. Mimi ameshanila elfu sitini na tano. Jina lake silitaji kwa sababu nimeandikisha OB (kitabu cha matukio cha polisi) na shauri liko polisi. Jina na namba atabadilisha kesho hata hivyo, kwa hiyo shikeni mbinu zake.

Nilitanguliza elfu ishirini kwa M-Pesa, zilizobaki nikamalizia alipotuma risiti ya mzigo. Redio ikafika Mombasa kwa basi, imefungwa vizuri ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Jioni ile ile nikaiunga na waya wangu wa antena wa mita 40, ule niliouvuta kutoka kwenye paa hadi mnazi wa jirani. Nikawasha. Ikasikika tamu kabisa! Nikamnasa Mwitaliano anaita CQ, yaani anamwita yeyote anayemsikia, sauti kama yuko Likoni. Nikamwita. Kimya. Nikamwita mara kumi hivi, akawajibu watu wengine wote ila mimi. Nikajiambia labda hali ya anga leo si nzuri. Nilipofunga mita ya wati, ya kupima nguvu inayorushwa, ndipo nikajua: sindano haikutikisika hata kidogo. Redio ya wati 100, inatoa sifuri. Mke wangu akaniuliza kama pesa zote zile nimenunulia redio ya taarifa ya habari.

Nikafungua kifuniko. Vichwa vya skrubu vimeshakwanguliwa, na kwenye zile transista mbili za mwisho, za kurushia mawimbi, moja imechomelewa upya kwa risasi nyingi kama matope. Yaani alijua.

Sasa, video aliyonitumia ilinidanganyaje? Inaonyesha anabonyeza maiki, na redio inaonyesha kwamba inarusha. Nami nikaridhika, mjinga mimi. Alama ile itawaka hata kama transista zimekufa, maana inakwambia tu kwamba kitufe kimebonyezwa. Tena alikuwa kwenye SSB, namna ya kurusha sauti, na kwenye SSB usiposema kitu hakuna nguvu inayotoka hata kwa redio nzima, kwa hiyo hata ungemuuliza mbona mita haipandi, jibu analo. Mwambie aweke RTTY (maandishi kwa redio), au CW (Morse) na ufunguo wake, maana hizo hutoa nguvu bila kusema kitu, afunge mzigo bandia wa omu 50, kifaa cha kumeza nguvu, badala ya antena, na mita ya wati ionekane pamoja na uso wa redio katika video moja isiyokatwa. Akikwambia hana mita, muombe aonyeshe ampea za pawa saplai. Redio hii ikisikiliza inakula ampea moja na kitu. Ikirusha nguvu zote inakaribia ishirini. Ya kwangu inapanda hadi tatu, basi.

Halafu kuna ishara ya wito, zile herufi na namba anazopewa kila mwenye leseni. Alinipa moja ya 5Z4, yaani ya Kenya, na hapo ndipo nilipolegea, nikaona huyu ni mwenzetu. Nilikuja kuitafuta QRZ.com, orodha ya mtandaoni ya ishara za wito, pesa zikiwa zimeshakwenda. Ni ya mzee mmoja wa mji mwingine kabisa. Nikamwandikia barua pepe, akajibu kwa upole kwamba hajauza redio yoyote. Kwa hiyo mtu akikupa ishara ya wito, itafute wewe mwenyewe, umwandikie mwenyewe kwa anwani iliyoko pale. Usitumie namba aliyokupa muuzaji.

Alinibandikia pia mita 30 za kebo ya antena, "RG-213 halisi", ambayo waya wake wa kati hutakiwa kuwa shaba tupu. Nilikwangua waya wa kati kwa kisu: wekundu wa shaba ukatoka, chini cheupe, alumini tupu. Kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani sijui ingedumu masika mangapi. Hiyo nimeitundikia nguo.

Na kijana mmoja aliyetaka kununua kwake ameniambia jamaa alimhakikishia kwamba leseni haihitajiki, "we ongea tu". Uongo huo. Kusikiliza ni jambo moja, kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, na atakayeshtakiwa ni wewe, yeye ameshapokea zake.

Nikimpigia sasa, simu haiingii. Redio iko juu ya kabati, fundi anatafuta transista halisi, nazo feki zimejaa sokoni. Kama umetumiwa video ya IC-718 juu ya meza yenye kitambaa cha maua ya kijani, na saa ya ukutani nyuma imesimama saa nne na robo, ni huyo huyo. Usitume kitu, na niandikie faraghani nikupe namba ya OB.