Maumivu sugu ya kisigino na unyayo: hospitali za umma Tanzania zinatibu nini, na zinakwama wapi

Unyayo unaouma kwa zaidi ya miezi mitatu unatibika kwenye hospitali za umma, na kwa kawaida bila kisu. Wataalamu wapo, dawa zinazohitajika ni za kawaida, na vipimo vya maana havizidi vitatu au vinne. Kinachoangusha huduma hii ni kwamba mgonjwa wa mguu huishia dirisha la dawa la zahanati. Anapewa diklofenaki, ikiisha anarudi kuchukua nyingine, na mwaka unapita hakuna aliyemwambia anaumwa nini.

Tuanze hapo hapo zahanati, maana safari nzima huamuliwa na sentensi ya kwanza unayomwambia tabibu. Ukisema "miguu inauma," mbele ya foleni ndefu, utaandikiwa dawa ya maumivu. Onyesha kwa kidole kimoja panapouma, sema ni saa ngapi panauma na tangu lini. Kisigino kinachochoma hatua za kwanza ukitoka kitandani, kikatulia kidogo, kisha kikarudi jioni baada ya kusimama sana, karibu kila mara ni utando mgumu wa chini ya unyayo, pale unapojishikiza kwenye mfupa wa kisigino. Nyayo zote mbili kuwaka moto usiku pamoja na ganzi ni habari ya neva, na kisukari ndicho cha kushukiwa kwanza. Dole gumba lililovimba ghafla, jekundu, lisilovumilia hata shuka, ni gauti (ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini) mpaka ithibitike vinginevyo. Shavu la mguu linalobana ukitembea na kuachia ukisimama ni mishipa ya damu, na huyo hapaswi kupewa dawa za maumivu tu na kurudishwa nyumbani. Taja pia dawa unazotumia: isoniazidi ya kifua kikuu huweza kuleta ganzi za miguu isipoambatana na vitamini B6, na metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi hushusha vitamini B12.

Kipimo cha sukari ni tone la damu kidoleni, na zahanati nyingi hukifanya vitepe vikiwapo. Sukari ya kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita, kipimo kinarudiwa siku nyingine au kinathibitishwa hospitalini. Asidi ya yuriki hupimwa hospitalini, na hapa wengi hupotoshwa: katikati ya shambulio la gauti kiwango chaweza kusoma sawa kabisa. Kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya uvimbe kuisha.

Picha ya eksirei huombwa mno kwa wagonjwa wa kisigino, na mara nyingi hela hiyo ingefaa kiatu. Picha ikionyesha kijimwiba cha mfupa, mgonjwa hutoka akiamini kuna msumari ndani unaopaswa kung'olewa. Watu wengi wanacho na hawaumwi lolote. Picha ina maana mguu ukiwa uliumia, umevimba, au maumivu hayapungui hata umelala.

Dawa zenyewe zina nafasi yake, ndogo. Diklofenaki ni kwa siku chache, isizidi miligramu 150 kwa siku, wala isichanganywe na ibuprofeni. Mwenye presha, figo dhaifu au vidonda vya tumbo aseme kabla haijaandikwa. Kwa maumivu ya neva haisaidii. Hapo amitriptilini ya miligramu 10 hadi 25 usiku ndiyo dawa, nayo imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu.

Sasa idara tunayoipa alama za juu kuliko zote, na ambayo wagonjwa wachache wa kisigino hupelekwa: fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Zahanati haina, vituo vya afya vingi havina. Uhakika upo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa hiyo omba rufaa kwa jina. Fomu iandikwe muda wa maumivu, dawa zilizokwisha kutumika, majibu ya vipimo, na neno "fiziotherapia" lisomeke. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mguu" pekee humrudisha mgonjwa kwa daktari wa jumla, na siku imekwenda. Mwenye bima aulize mapema idadi ya vikao vinavyolipiwa. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, na yeyote aliyekwama malipo, aanzie kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya dirisha la malipo.

Fizio mzuri hatakukanda tu na kukuaga. Atakufundisha zoezi la kufanya kabla hujakanyaga sakafu asubuhi: mguu juu ya goti la pili, vidole vivutwe kuelekea ugoko mpaka utando ukaze, uhesabu hadi 10, urudie mara 10, mara tatu kwa siku. Kisha egemea ukuta kwa mikono: mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini, sekunde 30. Zoezi lenye nguvu zaidi ni la ngazi. Kunja taulo, liweke chini ya vidole kwenye ukingo wa ngazi, simama kwa mguu unaouma peke yake. Inua kisigino kwa sekunde tatu, tulia mbili, kishushe kwa tatu. Mara 12, seti tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Nafuu ya kweli huanza baada ya wiki kadhaa, na miezi mitatu ni muda wa kawaida. Wengi huacha wiki ya pili wakidhani halifanyi kazi, na hilo ndilo linaloharibu matibabu haya kuliko kitu kingine chochote.

Sindano ya steroidi kwenye kisigino itakuja mezani. Hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwa hukondesha mto wa mafuta wa kisigino na huweza kukata utando. Kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Moja inajadilika. Ya tatu ikataliwe.

Viatu ndivyo sehemu dhaifu ya mfumo. Karakana zenye mafundi sanifu wa viungo bandia na soli za tiba zipo hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia kuna chuo chao, na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, lakini kwa mtu wa Katavi nauli peke yake inazidi thamani ya soli. Raba ya mtumba inatosha ukiichagua vizuri: nyuma iwe ngumu, isijikunje katikati ukiikunja, soli isiwe imelika upande mmoja. Kandambili, na kutembea peku kwenye vigae, hurudisha nyuma kazi ya fizio.

Wenye kisukari wana kliniki yao yenye siku maalumu, na huduma hupungua pale miguu isipoangaliwa kwa sababu mgonjwa amekaa na viatu. Vua viatu na soksi kabla ya kuingia, omba kupimwa hisia kwa uzi wa gramu 10 (uzi wa nailoni unaogusishwa unyayoni mpaka ujikunje) na kuguswa mapigo ya damu mguuni. Usikate sugu kwa wembe, usiloweke miguu kwenye maji ya moto. Kidonda chochote, hata kisichouma, kionwe siku hiyo hiyo. Hakingoji tarehe ya kliniki.

Daktari bingwa wa mifupa ni wa kutafutwa mazoezi yakiwa yamefanywa kwa uaminifu miezi sita bila nafuu. Nenda na barua ya rufaa, picha zote za zamani, na viatu unavyovaa kila siku. Namna soli ilivyolika humwonyesha jinsi unavyokanyaga.