Uzoefu wangu na DVD za The Carol Burnett Show: vichekesho vya kutazamwa na mavyaa na wajukuu pamoja

Mkusanyo huu niliuletewa na shemeji yangu anayefanya kazi melini, baada ya kunisikia mara nyingi nikilalamika kwamba ni vigumu siku hizi kupata kichekesho cha runinga ambacho mtu anaweza kukitazama mbele ya mavyaa wake bila kukaa na rimoti mkononi, tayari kubadilisha chaneli. Nyumba yetu hapa Lamu, mtaa wa Langoni, ina vizazi vitatu na runinga moja. Kwa hiyo nimeupima mkusanyo huu kwa jambo moja tu, nalo ni kama sote tunaweza kukaa chumba kimoja, tukacheka, asiwepo wa kuinamisha uso. Tunaweza, tena kwa raha kubwa.

Kwa wasiokifahamu, kipindi hiki cha mchekeshaji Carol Burnett kilirushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia mwaka 1967 hadi 1978, kwa misimu 11, na kilirekodiwa Hollywood mbele ya watazamaji waliojaa ukumbini. Katika saa moja mna maswali ya watazamaji yanayojibiwa papo hapo, mna vichekesho, nyimbo, dansi na wageni mashuhuri. Nyumbani kwetu hakuna aliyeushangaa mchanganyiko huo, kwa sababu ndivyo zilivyo harusi zetu: wanawake wana vugo lao, wanaume wana kirumbizi chao, wenye mizaha nao hawakosi nafasi, na shughuli inabaki kuwa moja.

Anayeupata mkusanyo huu namshauri aanze na kichekesho cha daktari wa meno cha mwaka 1969. Tim Conway ni daktari aliyehitimu juzijuzi, na Harvey Korman ndiye mgonjwa wake wa kwanza. Daktari anaitayarisha sindano ya ganzi, anajidunga mkono wake mwenyewe kwa bahati mbaya, na mkono unakufa ganzi ukabaki kuning'inia. Hasemi lolote. Anautazama, anajaribu kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea, na punde mguu nao unapatwa na yaleyale. Korman, ambaye kazi yake ni kukaa kitini na kuogopa, anabana midomo, anaugeuza uso, na mwishowe kicheko kinamshinda waziwazi mbele ya kamera. Mavyaa wangu hajui Kiingereza zaidi ya salamu, lakini alicheka hadi akawa anajifuta machozi kwa leso, na mwanangu wa darasa la tatu akawa anazunguka sebule akiburuta mguu. Humo hamna tusi, hamna mwili uliofunuliwa, wala hamna mtu aliyedhalilishwa ili wengine wacheke.

Nimefikiri sana kwa nini kinafaulu hivyo, na naamini sababu ni ufundi. Kila kipindi kilirekodiwa mara mbili siku moja, mbele ya watazamaji tofauti, na Conway alikuwa na desturi ya kuigiza kama ilivyoandikwa mara ya kwanza, kisha mara ya pili akaleta jambo ambalo wenzake hawakulitarajia. Ndiyo maana vicheko vyao ni vya kweli. Mchekeshaji anayemudu mwili wake, uso wake na muda wa kunyamaza hana haja ya kuomba msaada kwa matusi. Hata ile dhihaka ya mwaka 1976 juu ya filamu ya Gone with the Wind, ambapo Carol Burnett anashuka ngazi amevaa pazia la dirishani na fimbo ya kulitundikia ikiwa bado mabegani, haikuhitaji mtu awe ameiona filamu yenyewe. Gauni hilo, lililobuniwa na Bob Mackie, sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian.

Si kila sehemu iliyonipendeza. Ziko sehemu ambamo lafudhi za mataifa mengine zinaigwa kwa kubezwa, na hizo nilizipita haraka. Vile visa vya Eunice, anayeigizwa na Burnett mwenyewe, na mama yake mgomvi vilitugawa: vijana walicheka, lakini mavyaa alinyamaza, kisha akasema, "Huyu binti angepata wa kumsikiliza asingepiga kelele hivi." Nadhani aliona kweli. Ni visa vya uchungu zaidi kuliko mzaha, ingawa uigizaji ni wa hali ya juu, hasa ukizingatia kwamba Vicki Lawrence, anayeigiza mama, ni mdogo kwa Burnett kwa miaka 16.

Uigizaji huo ulinikumbusha Vitimbi, kichekesho cha KBC, shirika la utangazaji la Kenya, niliyokuwa nikiitazama kwa shangazi Mombasa. Mzee Ojwang na Mama Kayai walizoeleka sana kuwa mume na mke hivi kwamba wengi waliamini ni ndoa ya kweli, na marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyekuwa Mzee Ojwang, alimwigiza Mjaluo kwa mapenzi yaliyomfanya akubalike nchi nzima.

Kabla ya kununua, hakikisha mkusanyo una vipindi kamili. Kuanzia mwaka 1977 yalitolewa matoleo ya nusu saa yaliyoacha nyimbo na kubakiza vichekesho pekee, na misimu mitano ya mwanzo haikuonyeshwa tena kwa miongo mingi. Ukikosa nyimbo, unakosa pumzi kati ya kicheko na kicheko. Jambo jingine ni deki. DVD hufungwa zichezwe katika eneo fulani la dunia, liitwalo kanda (region): za Marekani ni za kanda ya 1, ilhali Kenya iko kanda ya 5, kwa hiyo deki iwe ya kusoma kanda zote. Tafsiri ya Kiswahili haimo, nami nilikuwa nikimweleza mavyaa kwa sauti ya chini.

Kila kipindi kinapomalizika Carol Burnett hulivuta sikio lake, na watoto waliniuliza maana yake. Niliwaambia kwamba ilikuwa ishara kwa bibi yake aliyemlea, ya kumjulisha kuwa yu mzima na anampenda. Tangu hapo mavyaa hakubali runinga izimwe kabla sikio halijavutwa. Natamani sana KBC nao watutolee Vitimbi na Vioja Mahakamani vya zamani kwa mpangilio kama huu, mwaka kwa mwaka, vipindi vikiwa kamili. Nitakuwa wa kwanza kununua, na nitanunua mbili, moja ya nyumba yetu na moja ya shangazi.