Spider-Man tatu za Sam Raimi: ya pili imeziacha nyingine mbali

Sam Raimi aliongoza filamu tatu za Spider-Man: 2002, 2004 na 2007. Muongozaji ni huyohuyo, Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, ni Tobey Maguire katika zote, lakini ubora wake haulingani hata kidogo.

Ya pili ndiyo bora. Adui ni mmoja tu, Doctor Octopus (mwanasayansi Octavius) wa Alfred Molina, na tatizo lake ndilo tatizo la Peter: mtu afanye nini ndoto yake inapowaumiza wengine? Peter anafukuzwa kazi ya kupeleka piza, anadaiwa kodi, nguvu zenyewe zinaanza kumtoka. Octavius naye anampoteza mkewe lakini bado anaing'ang'ania mashine yake. Kwa hiyo wanapopigana, hadithi haisimami kusubiri ngumi ziishe.

Tazama pambano la kwenye treni. Kwanza Peter anajaribu kuisimamisha kwa miguu, mbao za reli zinavunjika. Anarusha nyuzi mbili, hazitoshi. Ndipo anarusha nyingi kwa pamoja na kuzishikilia mpaka mwili unakaribia kuchanika. Kila jaribio linaposhindwa, hofu inapanda. Kisha abiria wanambeba juujuu bila kinyago na kugundua kuwa ni kijana tu. Mikono ya chuma ya Octavius nayo ina uzito unaoaminika, kwa sababu katika matukio mengi ilikuwa vifaa halisi vilivyoendeshwa na mafundi wa vikaragosi, si kompyuta peke yake. Oscar ya madoido ya picha iliistahili. Na tukio la chumba cha upasuaji, mikono hiyo inapowashambulia madaktari! Hakuna muziki, ni mayowe na kucha zinazokwaruza sakafu. Hapo Raimi anarudi kwenye filamu za kutisha alikoanzia.

Ya kwanza ni imara katika nusu yake ya mwanzo. Peter anamwachia mwizi apite, na Mjomba Ben anakufa. Hatia hiyo ndiyo injini ya hadithi yote. Inapolegea ni kwa adui wake, Green Goblin. Willem Dafoe ana uso unaoweza kusema mambo kumi kwa wakati mmoja, halafu wakamvika kinyago kigumu kisichochezesha mdomo. Ndiyo maana tukio lake bora ni lile la kwenye kioo, akibishana na nafsi yake uso ukiwa wazi. Miruko ya kwanza ya Peter juu ya mapaa pia imechakaa: mwili unaonekana kama mpira.

Ya tatu ina dakika 139 na maadui watatu, na hazitoshi. Harry, rafiki wa Peter na mtoto wa Green Goblin, anapotezwa kumbukumbu ili asubirishwe, ute mweusi unaomzaa adui Venom unaanguka kutoka angani karibu na Peter kwa bahati tu, na Venom mwenyewe anafika filamu ikiwa inaelekea ukingoni. Kosa kubwa zaidi ni kumfanya Sandman, yaani Flint Marko mwenye mwili wa mchanga, kuwa ndiye aliyempiga risasi Mjomba Ben. Hilo linapunguza hatia ya Peter, na kuidhoofisha filamu ya kwanza pia.

Hata hivyo usiiruke. Flint Marko anapoinuka kutoka mchangani hakuna neno linalosemwa. Anaunyooshea mkono mkufu wenye picha ya binti yake, vidole vinamomonyoka. Anajikusanya upya chembe kwa chembe, anajaribu tena, na safari hii mkono unafumba.