TAHADHARI kwa wanandoa mnaokwenda Paris: "kifurushi cha wapenzi" na mitego ya mtaani

Ndugu zangu mnaopanga fungate au mapumziko Paris, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote. Kuna muuzaji anajitangaza mitandaoni kwa Kiswahili kitamu kabisa: "kifurushi cha wapenzi, siku moja Paris". Asubuhi kanisa la Sacré-Cœur, kisha kanisa la Notre-Dame, mchana makumbusho ya Louvre, jua likizama mko Trocadéro mnautazama mnara wa Eiffel. Unalipa yote mapema kwa simu, tiketi zinakuja kwa WhatsApp. Mimi na mke wangu tulimlipa. Ukurasa wake umeshabadilishwa jina, kwa hiyo jina halitawasaidia. Mtambueni kwa bidhaa yake.

Kwenye mchanganuo wa bei aliandika "kiingilio Notre-Dame, watu wawili". Notre-Dame haina kiingilio! Kanisa lile liliungua Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia ni bure. Ukitaka kuepuka foleni ndefu unaweka nafasi kwenye tovuti ya kanisa lenyewe, nayo haina malipo. Usipoweka, unapanga foleni na unaingia vilevile. Kinacholipiwa ni kupanda minarani, na hicho hakikuwemo kwenye kifurushi. Sacré-Cœur nako alitutoza, wakati kuingia kanisani ni bure na wanaolipa ni wale wanaopanda kwenye kuba.

Lakini kilichomuumbua ni Louvre. Alitupangia Jumanne, na Louvre hufungwa kila Jumanne. Tulifika kwenye piramidi ya kioo, uwanja umejaa watu wanaopiga picha, milango imefungwa, na mkononi tuna tiketi yenye tarehe ya siku hiyohiyo. Mlinzi aliichukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akamwonyesha mke wangu: tarehe imeandikwa kwa herufi tofauti na maandishi mengine yote, na pembeni yake bado kuna mkia wa tarehe ya zamani iliyofutwa vibaya. Ilikuwa tiketi ya mtu mwingine, imechezewa. Nikampigia muuzaji, simu ikaita mara moja ikakatwa. Kufika jioni alikuwa ameshatufungia namba.

Kwa hiyo tiketi ya Louvre nunueni kwenye tovuti ya Louvre, ya Eiffel kwenye tovuti ya mnara. Tangu Januari 2026 wageni tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa euro 32 kuingia Louvre, kutoka 22 za awali. Ni kubwa, najua, na ndiyo maana matapeli wa "nusu bei" watazidi kuongezeka.

Mtaani nako kuna wa kwao, na wanaowapenda zaidi ni watu wawili walioshikana mikono. Mwanamume hataki kuonekana bahili mbele ya mkewe, mke hataki mumewe agombane na watu siku yao nzuri. Bei zao zote zimesimama juu ya aibu hiyo.

Pale chini ya ngazi za Sacré-Cœur utasikia mtu anakuitia "Hakuna matata!" Ukiwa mbali na nyumbani unageuka kwa furaha, ukidhani umepata ndugu. Wanamwambia hivyo kila anayepita. Anakupa mkono, anakishika kidole chako, na kabla salamu haijaisha ameshakizungushia nyuzi za rangi na anasuka bangili. Ukianza kuvuta mkono, fundo limeshakaza. Anamgeukia mkeo na kumsukia bangili ya pili, "zawadi ya mapenzi". Halafu zawadi ina bei, kwa kawaida euro 10 au 20, na wenzake wanasogea karibu. Dawa ni mikono mifukoni na kutembea bila kusimama. Siyo ufidhuli. Mke wangu aliona vibaya kutoitikia salamu ya mtu, na malezi yetu ndivyo yalivyo, lakini pale itikieni huku mnatembea.

Ua la waridi ni hivyohivyo. Anawekewa mke mkononi mkiwa mezani, bili anapewa mume. Lirudisheni palepale, juu ya meza, kabla hata hajanusa.

Kando ya mto Seine kuna wa pete: anainama mbele yenu, anaokota pete "ya dhahabu", anawauliza kama ni yenu, kisha anawapa kwa sababu "ni bahati ya ndoa". Ni shaba, na hela ataomba. Wauza kufuli za mapenzi, zile wapenzi wanazofunga kwenye madaraja, msiwaungishe kabisa. Uzio wa daraja la Pont des Arts ulivunjika sehemu mwaka 2014 kwa uzito wa kufuli, na mwaka 2015 jiji liliziondoa, tani 45 hivi. Utakayofunga leo itakatwa.

Trocadéro na karibu na mnara kuna mchezo wa vikombe vitatu, ndugu wa damu wa karata tatu za kwetu. Wanaoshinda ni wenzao. Wasichana wenye karatasi za kusainiwa, wanaojifanya viziwi, wanakushughulisha wewe huku mwingine anafungua mkoba wa mkeo.

Teksi: kutoka uwanja wa Charles de Gaulle bei imepangwa. Mwaka 2025 ilikuwa euro 56 ukienda upande wa kaskazini wa Seine, 65 upande wa kusini, kwa gari zima pamoja na mizigo. Anayewafuata ndani ya jengo akinong'ona "taxi" mpiteni, nendeni kwenye foleni ya nje.

Kama umeshamlipa huyo wa kifurushi, piga simu leo kwa mtandao wako wa pesa au benki uombe muamala uzuiwe. Hifadhi picha za mazungumzo yote kabla hajayafuta, kisha peleka polisi ulipo. Mkiibiwa mkiwa Paris kwenyewe, namba ya polisi ni 17, na 112 inafanya kazi pia. Na kama ameshawatumia tiketi, angalieni kwanza siku ya Louvre.