Bia ya moto, kitimoto baridi: miaka yangu mitatu Leicester

Wiki yangu ya kwanza Leicester, Uingereza, wenzangu wa ghalani walinipeleka pub, yaani baa ya kwao, baada ya kazi. Nikasubiri lile swali la kwetu, "ya moto au baridi?" Halikuja. Dada wa kaunta alivuta mpini mrefu mara tatu, glasi ikajaa kitu chenye rangi ya chai ya rangi, akanisogezea. Nikaonja. Ya moto! Nikajua friji yao imekufa, nikaona aibu kuuliza.

Friji haikuwa na shida yoyote. Bia ile ni ale ya pipa, na haiguswi na friji. Mapipa yanakaa stoo ya chini, kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi, na bia inavutwa juu kwa mkono. Hamira bado iko hai ndani ya pipa, gesi haijaongezwa, kwa hiyo pipa likishafunguliwa lina kama siku tatu tu kabla bia haijaanza kuharibika. Mzee mmoja pale kaunta alikuwa ananieleza haya kwa heshima zote, kama ananifundisha dini, nami nikaangua kicheko. Mimi ni mtu wa Moshi. Kinywaji kilicho hai, hakina barafu, hakisubiri wiki ijayo: hiyo si mbege, pombe yetu ya ndizi, baba? Kimekosa kata tu.

Tangu hapo nanywa Tiger, ya Everards, kampuni iliyoanzia hapahapa Leicester mwaka 1849. Kilevi chake ni 4.2%, hakikuangushi. Ila angalia kipimo: painti moja ni mililita 568, imeizidi chupa yetu ya nusu lita, na wenyeji wanahesabu painti, hawahesabu glasi. Pub ninayoipenda mjini ni The Globe, mtaa wa Silver Street, kaunta iko katikati na vijisehemu vya kukaa vimeizunguka. Mbwa wanaingia na wenye nao, wanalala chini ya meza, hakuna anayeshangaa.

Hakuna mhudumu wa kukufuata mezani kuchukua oda ya kinywaji. Unakwenda kaunta, unalipa papo hapo. Foleni haionekani kwa macho lakini ipo, na kila mtu anajua nani alimtangulia nani. Ukipunga noti hewani utahudumiwa wa mwisho. Halafu kuna raundi. Kwetu mtu akikutolea ofa, unashukuru, basi. Hapa nilinunuliwa painti mbili na watu wawili tofauti, nikashukuru sana, nikaaga, nikaenda kulala. Ijumaa iliyofuata nikaona naangaliwa kwa jicho fulani. Mmoja akaniambia taratibu kwamba ile haikuwa ofa, ilikuwa zamu, na yangu bado inasubiriwa. Nilinunua ya watu sita siku hiyo. Mfuko uliuma, lakini ndiyo siku niliyohesabiwa mwenzao.

Jumanne kuna chemsha bongo. Siku moja likaulizwa swali la urefu wa Kilimanjaro, na meza nzima ikanigeukia mimi. Mtoto wa Moshi, mlima nimeukuta dirishani tangu nimezaliwa! Nikaandika 5,895 bila kupepesa. Kumbe swali lilitaka futi. Bibi mmoja wa meza ya jirani, ambaye nina hakika hajawahi kuvuka hata kwenda Ufaransa, aliandika 19,341 akachukua pointi. Bado ananitania.

Kuhusu chakula, onyo moja. Karibu na hapa kuna mji wa Melton Mowbray, na pai yake ya nguruwe ina jina linalolindwa kisheria. Nilipoagiza nilitegemea kitimoto kama tunachokijua, cha moto, ndizi pembeni, pilipili na ndimu. Ikaja pai baridi, nyama ya kijivu, na kati ya nyama na unga kuna utando wa mchuzi ulioganda. Bia ya moto, kitimoto baridi. Sasa naila, lakini ilinichukua mwaka.

Anayetaka baa ya kwetu atafute pub zilizochukuliwa na Wahindi. Nyingi zilikuwa za wafanyakazi wa viwanda vya soksi na viatu. Viwanda vikafa, wateja wakapungua, wakaingia watu wenye jiko la mkaa. Nyama inaletwa juu ya chuma cha moto, inalia, imelalia vitunguu: kuku, mbavu za kondoo, kababu, naan pembeni. Na kwenye menyu kuna kitu kinaitwa mogo. Nilikisoma mara mbili. Ni muhogo, umedondosha silabi moja safarini, umekaangwa na kumwagiwa pilipili.

Mogo huo ndio ulionipeleka Belgrave Road, barabara ya maduka ya sari, dhahabu na peremende za Kihindi. Niliingia duka moja la vyakula nikamsalimia mzee mwenye duka kwa Kiingereza. Akanitazama.

"Wewe toka wapi?"

"Tanzania, mzee. Shikamoo!"

"Mzuri sana!" Marahaba haijui, kwao haikuwepo. Akanipokonya mihogo niliyokwisha kuichagua. "Wacha hii, iko ya zamani. Ngoja." Akaingia nyuma, akatoka na mingine, akauvunja mmoja mbele yangu nione ndani mweupe.

Amezaliwa Jinja. Alikuwa na miaka 14 mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Halmashauri ya Leicester iliogopa wingi wao, ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Mzee akilisimulia hili anacheka mpaka anakohoa: anasema kuna waliokuwa hawajawahi kulisikia jina Leicester mpaka waliposoma tangazo. Akizungumza Kigujarati na mkewe, mimi nasikia fagio, sufuria, kisu, vinapita katikati kama watu ninaowafahamu kwenye basi la wageni.

Sokoni mjini ni burudani nyingine. Wauzaji wanapaza sauti, bakuli la matunda pauni moja, na mama mmoja wa nyanya huniita "me duck", yaani bata wangu. Mara ya kwanza nilinuna. Kumbe ni lugha ya upendo ya mkoa huu, hata dereva wa basi ataitwa bata.

Malalamiko ninayo. Maduka mengi ya mjini yanafunga saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili jioni, na sisi ndio kwanza tunatoka kazini. Mtu uliyekulia duka la Mangi, lenye taa mpaka saa nne usiku na sukari ya kupima, unateseka. Pub nazo, kengele ya kinywaji cha mwisho ikilia kama saa tano kasorobo, ndiyo basi. Na kuna pub moja ya nyama choma imenifanyia kituko mara mbili: ubao unasema jiko mpaka saa nne, ninafika saa mbili na nusu, jiko limefungwa, wananipa karanga. Sitaitaja, ila sirudi.

Kwa mzee wa Jinja naenda kila Jumamosi. Juzi nilimpelekea mkewe chumvi magadi niliyotumiwa kutoka nyumbani. Alifungua kipakti, akanusa, akamwita mzee aje naye anuse. Mihogo ya siku hiyo hawakuipima.